Nazi Zinazorudi: Wahindu wa Queens na ghuba waliyoiita Ganga

Maji yakipwa karibu na daraja la North Channel, kwenye ghuba ya Jamaica Bay, kusini mwa Queens, jijini New York, mchanga huonyesha kilicholetwa jana. Nazi nzima, nne au tano, zimenasa kwenye majani ya kinamasi. Sari ya waridi imefukiwa nusu. Kuna vijitaa vya udongo, majani ya tambuu na popoo, maua ya manjano yaliyoanza kuoza, ndimu, sarafu, picha ya mungu wa Kihindu Lakshmi ndani ya fremu yenye kioo, na sanamu ya mungu Durga ya plasta iliyong'oka mkono mmoja. Pembeni umelala mfuko wa plastiki uliobeba vyote hivyo. Ndege za uwanja wa JFK zinapita juu, chini kiasi cha kuhesabu magurudumu.

Askari wa hifadhi akiviona huandika neno moja: taka. Aliyevileta ana neno jingine: sadaka.

Nimekifuatilia kisa hiki kwa muda, na nadhani sisi watu wa pwani tunakielewa haraka kuliko wengi wanaoishi hatua chache kutoka ufukwe huo. Mtoto aliyekulia Tanga au Lamu anajua kwamba ukikuta chano chenye ndizi, ubani na senti njia panda, hugusi. Vile si taka, na si mali ya kuokota. Ni kafara, na kafara ina mwenyewe usiyemwona. Kwa hiyo swali la nani ainame aokote nazi za Queens si dogo kama linavyoonekana kwenye ripoti ya mazingira.

Jina lisikupoteze. Jamaica Bay haihusiani na kisiwa cha Jamaica. Limetoka kwenye lugha ya Walenape, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Ghuba hii imo ndani ya Gateway, eneo la hifadhi ya taifa lililoanzishwa mwaka 1972, na sehemu yake ya ekari zaidi ya 9,000 imetengwa kwa ajili ya ndege na wanyama. Aina zaidi ya 300 za ndege zimeorodheshwa humo. Mwezi Mei na Juni, siku za bamvua, kaa wa kale wenye gamba mithili ya kofia ya chuma hupanda mchangani kutaga mayai. Ufukwe, basi, ni wa serikali kuu ya Marekani, si wa jiji. Kumbuka hilo.

Watu wa jahazi

Wahindu wanaoshuka hapa wengi hawakutoka India moja kwa moja. Ni watu wa Richmond Hill, South Ozone Park na Liberty Avenue, waliohamia kutoka Guyana na Trinidad. Babu za babu zao walichukuliwa Bihar na Uttar Pradesh ya leo, wengine upande wa Madras, kwenda kukata miwa kwa mkataba baada ya Waingereza kufuta utumwa. Meli mbili za kwanza, Whitby na Hesperus, zilifika Guyana Mei 1838. Ya kwanza ya Trinidad, Fatel Razack, ilitia nanga tarehe 30 Mei 1845. Mfumo huo ulipositishwa mwaka 1917, Guyana peke yake ilikuwa imepokea watu wapatao 239,000. Kwetu tunaujua kwa sura nyingine: vibarua 32,000 hivi walioletwa kujenga reli kutoka Mombasa hadi ziwani kati ya 1896 na 1901.

Watu hao walijiita jahaji, na waliosafiri meli moja waliitana jahaji bhai. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi. Jahaji ni mtu wa jahazi, neno lilelile letu, na jahaji bhai ni ndugu wa jahazi. Kwa imani ya kale, Mhindu wa tabaka la juu akivuka kala pani, maji meusi, tabaka lake linabaki nyuma. Melini Mbrahmini wa tabaka la juu na Mchamar wa tabaka la chini walikula chungu kimoja, na Mhindu alilala ubavuni mwa Mwislamu kwa miezi. Walipotua mashambani undugu huo ulishikwa kama wa damu, mpaka mara nyingi watoto wa ndugu wa jahazi walionekana hawafai kuoana.

Naeleza kwa urefu kwa sababu tukisikia maelewano ya dini tunafikiria ukumbi wa hoteli, chupa za maji mezani, na shehe, askofu na pandit, kuhani wa Kihindu, wamepangwa mbele kwa ajili ya picha. Karibi haikuwa hivyo. Muharram ya Washia iligeuka huko kuwa Hosay ya Trinidad na Tadjah ya Guyana, sikukuu ya shamba zima. Wahindu walishiriki kujenga makaburi ya mianzi na karatasi za rangi kumkumbuka Hussein, watu wenye asili ya Afrika walipiga ngoma, na siku ya mwisho majengo hayo yakatoswa majini. Tarehe 30 Oktoba 1884 serikali ya kikoloni iliufyatulia risasi msafara wa Hosay huko San Fernando, watu wanaokadiriwa kuwa 22 wakafa. Msafara ule ulijaa Wahindu waliokuwa wakimlilia imamu wa Waislamu.

Kwa hiyo mtu wa Guyana anaposhuka ufukweni Queens na kitu kitakatifu mikononi, anafanya jambo ambalo jirani yake Mwislamu wa Guyana analitambua, hata kama yeye mwenyewe hatalifanya. Walirithi maji pamoja.

Ganga inaitwa, haiendewi

Ganga ni mto wa India na ni mama. Mapokeo yanaruhusu maji yoyote yaitwe kwa jina lake. Mhindu anayeoga bafuni anaweza kuiomba mito saba mitakatifu ije ndani ya ndoo yake. Leicester, Uingereza, majivu ya wafu humwagwa kwenye mto Soar, na miongoni mwa jamii zilizoukubali mto huo kuwa wao ni familia zilizofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, ambazo wazee wake bado wanaweza kukusalimia kwa Kiswahili. Queens hakuna mto wa maana. Kuna ghuba.

Familia hushuka na sinia. Kafuri huwashwa juu ya jani la tambuu, maziwa humiminwa, pandit husoma mantra akishindana na mngurumo wa ndege. Sari hukunjuliwa juu ya maji kwa namna ya kumvisha mama mzazi nguo mpya. Nazi husukumwa kwa mikono miwili. Baada ya hapo watu hurudi nyuma, na wengi hawageuki kuangalia imekwenda wapi. Kukichukua tena ulichokwisha kumpa mungu kunaonekana kama kumnyang'anya.

Shida ni umbo la mahali. Ganga wa India unatiririka. Ukiachilia ua Varanasi, hulioni tena. Jamaica Bay ni bakuli lenye mlango mmoja, Rockaway Inlet. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kilichosukumwa asubuhi jioni kimerudi kulala palepale. Nazi hasa. Nazi iliumbwa kuelea, ndivyo ilivyojisambazia visiwani tangu zamani, na kwenye maji baridi ya New York haizami na haioti. Mvuvi yeyote wa Pangani angeliona hili kwa kutazama mara moja. Lakini pandit wa Queens ni bingwa wa mantra. Mkondo wa maji hakufundishwa.

India yenyewe haikukaa kimya. Bodi kuu ya kudhibiti uchafuzi nchini humo ilitoa mwongozo wa kutosa sanamu mwaka 2010, na toleo la 2020 likaikataa plasta kabisa. Kwa hiyo anayedhani suala hili ni Wazungu wa New York kuwasumbua wahamiaji hajaliona lote.

Hajaliona lote, ila hajakosea lote pia. Mwaka 2011 malalamiko ya askari wa hifadhi yalifika kwenye magazeti makubwa ya jiji, na picha za nazi na sari zikaenea. Sheria za hifadhi za taifa zinakataza kuacha vitu, na hata majivu ya marehemu yana masharti yake. Sawa. Lakini ghuba hiyohiyo inapokea kila siku maji kutoka mitambo minne ya jiji ya kusafishia majitaka, na naitrojeni yake imekuwa kilio cha wanamazingira kwa miaka. Uwanja wa JFK ulijengwa juu ya kinamasi chake. Kingoni mwake kuna vilima ambavyo zamani vilikuwa majaa ya taka za New York. Bibi wa Kiguyana aliyeambiwa kwamba nazi yake inachafua mazingira alikuwa na haki ya kuinua macho, kutazama huku na huku, na kucheka.

Hata kisheria jambo halikuwa jepesi. Marekani ina sheria ya mwaka 1993 ya kulinda uhuru wa dini, inayoidai serikali kuu ioneshe sababu nzito, na njia isiyobana kuliko inavyohitajika, kabla haijamwekea mtu mzigo katika ibada yake. Na ufukwe ule, nilisema ukumbuke, ni wa serikali kuu. Ingekuwa kesi nzuri kwa mawakili. Wangelipwa miaka, na nazi zingeendelea kurudi.

Waliovaa glavu

Mwaka huohuo wa 2011 lilizaliwa New York kundi linaloitwa Sadhana. Kwa Kiingereza linajitambulisha kwa neno progressive, ambalo Kiswahili hakina tafsiri yake moja tamu. Nitawaita Wahindu wanamageuzi. Miongoni mwa waanzilishi walikuwa Sunita Viswanath, ambaye miaka kumi nyuma alikuwa ameshiriki kuanzisha shirika la kutetea wanawake wa Afghanistan, Aminta Kilawan, mwanasheria kutoka jamii ya Waguyana wa Queens, na Rohan Narine. Jina sadhana ni zoezi la kiroho la kila siku. Nguzo zao tatu ni ekatva, kwamba viumbe wote ni kitu kimoja, ahimsa, kutodhuru, na seva, utumishi.

Ukisoma orodha hiyo haraka inakuwa kama kaulimbiu ya shirika lolote lisilo la kiserikali. Uzito wake unaonekana ufukweni. Sadhana walianzisha kazi waliyoiita Project Prithvi, kwa jina la mungu wa kike wa ardhi, na wakawa wanashuka Jamaica Bay mara kwa mara, kwa miaka, wakiwa na glavu na mifuko mikubwa, kuokota.

Hapo rudi kwenye kile chano cha njia panda. Katika mapokeo ya Waguyana, hasa ibada za mungu wa kike Kali Mai zenye asili ya Madras, baadhi ya vitu vinavyoishia majini vimepitishwa kwanza juu ya mwili wa mgonjwa ili vibebe husuda na nuksi. Ndimu ile haikuletwa kumfurahisha Ganga. Imeletwa kutupa kitu. Ukiiokota, kwa hesabu ya aliyeitupa, umejitwika. Mfanyakazi wa hifadhi anayeiokota haijui hesabu hiyo, kwa hiyo kuokota kwake hakumwambii Mhindu lolote. Mhindu anayeiokota anaijua, na anainama. Kitendo chenyewe ni hotuba: anasema mbele ya watu wake kwamba nuksi haihamii kwa aliyesafisha uso wa mama.

Hilo ndilo naliona kuwa kiini cha kisa. Wanamageuzi hawa hawakuwaambia watu waabudu kidogo. Bango la serikali lilisema usiache kitu. Wao, kwa maneno yangu, waliuliza: kama maji haya ni mama yako, ule mfuko wa plastiki ulimvalisha nani? Neno la kwanza unaweza kulijibu kwa kutafuta saa ambayo askari hayupo, na wapo waliolijibu hivyo. La pili unarudi nalo nyumbani. Wala hukulazimika kuchagua kati ya kuwa Mhindu mwema na kuwa mkazi mwema, kwa sababu hoja ilikuwa imetoka ndani ya nyumba, kwa lugha ya nyumba.

Mapendekezo yao na ya mapandit waliokubaliana nao yalikuwa ya kijikoni kabisa. Leta ua, si shada lenye waya. Mimina maziwa kiganjani, si paketi nzima. Gusisha nazi majini, omba, kisha irudishe nyumbani uivunje ule kama prasad, chakula kilichobarikiwa. Sari mvishe mama kwa ishara, halafu mpe mwanamke mhitaji. Sanamu iwe ya udongo mbichi unaoyeyuka, na itoswe ndani ya ndoo nyumbani, udongo wake ukarutubishie maua. Huenda hili la ndoo linamkera mtu wa kale. Lakini kama mito saba inakuja bafuni ikiitwa, kuja kwenye ndoo ya uani kutaishinda nini?

Julai 2015 Ikulu ya Marekani, chini ya Obama, iliwatunuku watu kumi na wawili wa imani mbalimbali kwa kazi ya mazingira. Viswanath alikuwa mmoja wao, na kazi ya ufukwe huu ndiyo iliyotajwa. Tuzo ni nzuri kwa ukuta. Sidhani kama ilimfikia yule bibi.

Sherehe ya nani

Anayeishia ufukweni atadhani Sadhana ni kikundi cha usafi. Hawakukubali kubaki hapo, na ndipo walipoanza kupata maadui. Waliwashawishi watu wa mahekalu kusimama na wahamiaji wasio na vibali. Walipinga matabaka waziwazi. Mwaka 2019 Viswanath na wenzake walianzisha shirika jingine, Hindus for Human Rights, linaloshirikiana na mashirika ya Waislamu wa India walioko Marekani kupinga siasa za Hindutva, yaani ile itikadi ya kuifanya India nchi ya Wahindu kwanza.

Hapa Wahindu wa Marekani wanagawanyika, na sitajifanya mgawanyiko ni mdogo. Seattle ilipopiga marufuku ubaguzi wa tabaka Februari 2023, na bunge la California likapitisha muswada wa namna hiyo, Hindus for Human Rights waliunga mkono. Hindu American Foundation, shirika kongwe na kubwa kuliko hilo, lilipinga, likisema sheria za aina hiyo zinawanyooshea kidole Wahindu peke yao. Gavana Newsom aliukataa muswada wa California Oktoba 2023, akisema sheria zilizopo zinatosha. Kila upande ulidai unalinda dini ileile. Wapo wanaosema wanamageuzi si Wahindu kamwe, ni wanaharakati waliovaa sari. Mimi naona mtu aliyeinama miaka yote hiyo kuokota vijitaa vya Ganga puja, ibada ya Ganga, amejibu tuhuma hiyo kwa mgongo wake. Lakini naelewa pia kwa nini Mhindu wa kawaida, anayechekwa kazini kwa sababu ya ng'ombe na miungu mingi, hapendi aibu za nyumbani zianikwe na watu wa nyumbani.

Sherehe huonyesha mpasuko huu kuliko makongamano. Agosti 2022, mjini Edison, New Jersey, gwaride la siku ya uhuru wa India lilipitisha buldoza lenye picha za Waziri Mkuu wa India, Modi, na Yogi Adityanath, kiongozi wa serikali ya jimbo la Uttar Pradesh. Anayefuata habari za Uttar Pradesh alijua maana yake: mashine hiyo ilikuwa imegeuka alama ya kubomolea nyumba za Waislamu. Waandaaji baadaye waliomba radhi. Weka picha hiyo kando ya Phagwah ya Richmond Hill, Holi ya Wakaribi, ambapo poda za rangi humwagwa juu ya kila aliyepita, na baada ya saa moja hujui tena nani Mhindu, nani Mkristo, nani Mwislamu aliyetoka kununua roti tu akarudi zambarau. Zote mbili ni sherehe za watu wa India walioko ugenini. Moja inamwambia jirani achungulie dirishani. Nyingine inamharibia shati na kumpa chakula.

Kwenye usafi wa ghuba pia wamekuwa wakija watu wasio Wahindu. Hili nalipenda kwa sababu moja: hakuna anayeombwa kuamini kitu. Masingasinga wana seva yao, neno lilelile, na Wayahudi na Wakristo wana yao kwa majina mengine. Mtu anapokea glavu na mfuko. Ila kuna adabu ya kufundishwa kwanza, kwamba sanamu haishikwi mguu ikining'inizwa kama panya.

Kwingineko jamii hii ilikuwa ikishinda vita vyake vya kawaida. Baada ya kampeni ndefu iliyobebwa kwa sehemu kubwa na Queens, na mbunge wa jimbo Jenifer Rajkumar akiwa mbele, gavana wa New York alitia saini Novemba 2023 sheria ya kufunga shule za jiji siku ya Diwali. Mara ya kwanza ilikuwa Ijumaa, tarehe 1 Novemba 2024. Kenya tunaona jambo la kawaida, kwa kuwa Diwali imekuwa sikukuu ya Wahindu kwenye gazeti la serikali kwa miaka mingi. Watoto wa Queens walikuwa wakiandikiwa hawakufika.

Kilichobaki

Je, walifaulu? Mizigo ya sadaka imeendelea kuokotwa hadi miaka hii ya 2020. Ukipima kwa nazi, jibu ni hapana.

Sababu kubwa ni ya mpangilio wa dini yenyewe. Uhindu hauna Bakwata wala Baraza la Maaskofu. Pandit huitwa na familia, hulipwa na familia, na akiwa mkali familia humwita mwingine. Hakuna waraka utakaosomwa mahekalu yote Jumapili moja. Ujumbe unapita nyumba kwa nyumba, na kila mwaka wanatua wageni wapya JFK, dakika chache kutoka ufukweni, ambao hawakuusikia. Kuna pia wale wanaokuja gizani kwa haja ya siri, na mwenye haja ya siri hahudhurii semina.

Kosa moja naliona kwa wanamageuzi wenyewe. Kwa muda mrefu sauti yao ilisikika vizuri zaidi kwa waandishi wa habari, vyuo na Ikulu kuliko kwa wenye ndimu zilizopitishwa mwilini. Watu wa Kali Mai wamezoea kudharauliwa hata na Wahindu wenzao, kwamba mambo yao ni ya kienyeji. Ukimwendea mtu wa namna hiyo na neno mazingira, ameshakusikia kabla hujafungua mdomo. Kwetu tunasema Baniani mbaya, kiatu chake dawa, na tumeirudia methali hiyo miaka yote bila kujiuliza Baniani anajisikiaje. Dharau ya namna hiyo ipo pia kati ya Baniani na Baniani, na hoja ya mama Ganga haiwezi kupita katikati yake bila kwanza mtu kukaa, kunywa chai, na kuuliza ndimu ile ilikuwa ya nini.

Jambo moja lilisaidia bila kelele. New York ilizuia mifuko ya plastiki madukani Machi 2020. Kenya ilikuwa imeshafanya hivyo Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019, kwa hiyo hapa siwezi kuzuia tabasamu. Mfuko wenyewe ndio uliokuwa adui wa ndege kuliko ua au tambuu, na uliondolewa na sheria isiyomtaja mungu wa mtu yeyote.

Mengine yanabaki mikononi. Nazi iliyookotwa inaingia mfukoni. Fremu inaingia, kioo kikiwa kimefungwa gazeti. Sari iliyolowa na kujaa mchanga ina uzito wa mtoto, hukamuliwa na watu wawili, kila mmoja akisokotea upande wake. Kisha anatokea Durga wa plasta, mkono umeng'oka, macho bado yana rangi. Kwenye taka hawezi kutiwa. Kwa desturi, sanamu iliyovunjika haiabudiwi tena, kwa hiyo hekaluni hana nafasi. Inayopasa ni kumtosa kwenye maji. Aliyemwokota amesimama naye, glavu zinachuruzika, na maji yameanza kujaa.